Gari Jekundu la Anaeli na Mbege ya Posa

"Gari la sifa huishia kwenye lami." Shangazi Ndeonasia aliyasema hayo jikoni, aliposikia kwamba mchumba wa Ndeshi, binti wa kaka yake, ni hodari wa maneno kwenye simu ila hajawahi kupanda mlima kuja kwao. Wasichana waliokuwa wakimenya ndizi wakataka kujua usemi huo umetoka wapi. Shangazi naye, nyumba ikishajaa, habembelezwi kusimulia. Methali hii, akasema, chanzo chake ni hiki.

Palikuwa na kijana wa huku mlimani, Anaeli, muuza vipuri Moshi mjini. Alikuwa na gari la mbio, jekundu, milango miwili, lililokaa chini hata kuku hapiti uvunguni. Likinguruma sokoni, mama ntilie wanasahau wali jikoni. Anaeli akalipenda gari, akapenda na kutazamwa. Kisha akampenda Aikande, na Aikande kwao ni juu kabisa, lami ikishakwisha, huko kwenye mawe na udongo mwekundu.

Jumamosi ya posa ikafika. Desturi mnaijua: mbege, pombe yetu ya ndizi, isipofika, wazee hawafungui mdomo. Watu wakamshauri akodi pikapu. Anaeli akakataa; alitaka ukweni walione gari. Akapakia madumu ya mbege nyuma, mama yake mbele, wakaondoka.

Kwenye kona ya kwanza baada ya lami gari likakalia jiwe, magurudumu yakazunguka bure. Mbege nayo haipendi kutikiswa: vifuniko vikaruka, viti vikanywa kabla ya wazee. Kilichobaki kilipandishwa kichwani na akina mama waliotoka mashambani, nao hawakunyamaza.

"Baba, hili gari ni la kupanda au la kubebwa?" mmoja aliuliza.

Walifika alasiri. Mzee Ndelilio, baba mkubwa wa Aikande, alikuwa ameshasimama na fimbo yake.

"Mbege iliyochelewa hatuinywi," alisema. "Njoo Jumamosi ijayo, kabla jua halijafika utosini. Ukishindwa, yupo mwalimu mmoja anayengoja zamu yake."

Wiki ile Anaeli hakuonja usingizi. Jumatano akaenda kwa Hamdani, dereva wa watalii, mwenye gari la porini lililoinuliwa hadi mtu anaingia kwa kudandia. Hamdani alikuwa akilimezea mate lile jekundu tangu siku nyingi.

"Linapanda?" Anaeli aliuliza.

"Mbuzi huliomba lifti. Ila kaka, hakuna atakayegeuka kukutazama. Ni kreti la soda lenye matairi."

Anaeli alilitazama lake mara moja tu, asije akaghairi. "Nipe funguo."

Wakabadilishana, gari kwa gari. Mjini wakacheka hadi jioni.

Jumamosi ikaamka na mvua. Udongo ukawa kama sabuni. Walipolifikia lile jiwe, mama yake akashika dashibodi na kuanza kusali. Gari likainama upande, likaguna, likapita juu yake. Madumu hayakutoa hata povu. Anaeli alipozima injini uani kwa kina Aikande ilikuwa saa nne na nusu, na vigoda vya wazee vilikuwa bado vinapangwa.

Mzee Ndelilio akalizunguka gari, matope hadi kwenye vioo, akachungulia uvunguni bila hata kupiga goti.

"Lile jekundu liko wapi?"

"Nimelitoa, baba, nikapewa hili."

"Ukatoa gari la sifa namna ile?"

"Sifa zake zilikuwa mjini, baba. Aikande yuko huku."

Mzee akapokea kata ya mbege, akanywa taratibu, akampa mwenzake.

"Wazee mmesikia," alisema. "Gari la sifa huishia kwenye lami. Huyu amefika. Kaeni tuzungumze."

Nyuma ya nyumba kigelegele kikapasuka kabla ya wakati wake, na kila mtu alijua ni cha nani. Anaeli akaketi, akashusha pumzi aliyoishikilia wiki nzima.

Hapo shangazi akamaliza, akageukia chungu chake jikoni. Ndeshi akafuta utomvu wa ndizi mikononi, akamwandikia mchumba wake kwenye simu: "Jumapili tunakula saa saba, nyumbani, huku juu."

"Na asipokuja?" mdogo wake akauliza.

Ndeshi alikwisha rudi kwenye ndizi, uso wake mkunjufu. "Gari la sifa," alisema, "huishia kwenye lami."