Macho ya Kisogoni

Kulikuwa na kiungo mmoja wa mpira, mzaliwa wa Lima, kule Peru. Mama yake alikuwa mjane, dobi wa watu. Jioni alisimama pembeni mwa uwanja wa vumbi akipaza sauti: "Tazama nyuma, mwanangu! Mpira haujafika, wewe tazama nyuma kwanza!"

Akalishika hilo. Hata alipokwenda kucheza Ulaya, kabla pasi haijamfikia alikwisha kugeuza shingo, akajua nani yuko wapi. Wenzake walimtania: "Bwana wewe, una macho kisogoni!"

Sasa, mjini kwao, kila Oktoba watu huvaa zambarau wakaifuata picha ya Bwana aliyesulubiwa, mtaa kwa mtaa, wakiimba. Mama aliweka nadhiri: ataandamana ameshikwa mkono na mwanawe, amshukuru Mungu aliyemwinua. Akamshonea kanzu ya zambarau. Akampigia simu.

"Unakuja, baba?"

"Mama, ligi ndiyo kwanza imekolea. Mwakani."

Oktoba nyingine, kocha mpya. Mwakani. Nyingine tena, goti. Mwakani. Mama akacheka: "Huyo Mwakani umemwoa lini? Maana nikikuita wewe, anaitika yeye."

Naye akacheka. Alimpenda mama yake, msidhani hakumpenda. Alimwombea kila alfajiri. Ila moyoni alimwona yuko palepale pembeni mwa uwanja, kama alivyomwacha.

Goti likakataa kabisa. Akaaga mpira, akarudi kwao, na ilikuwa Oktoba. Dada yake akamfungulia mlango bila kumtazama usoni. "Ingia," akasema. "Lakini ingia polepole."

Mama alikuwa kitini, amekwisha kuvaa. Kiungo akaivaa kanzu yake. Ilimbana mabegani, ilishonwa angali kijana. Akamshika mama mkono, wakatoka, wakaingia katika moshi wa ubani na nyimbo. Mama akamtabasamia vile mtu anavyomtabasamia mgeni mwema.

"Ahsante, kijana. Na wewe una mama?"

"Mama, ni mimi."

Akampapasa mkono, kama anambembeleza. "Mwanangu ni kiungo, yuko Ulaya. Namngojea yeye, ndipo nitimize nadhiri yangu. Amesema mwakani."

Wapendwa, ninyi mlionisindikiza makaburini juzi kumzika mama yangu, niambieni: nadhiri ile ilitimia? Mkono ulishikwa. Mwenye mkono hakujua.

Sisi nasi tuna macho ya kisogoni. Kazini tunajua nani anatunyemelea, sokoni tunajua nani kapunguza bei. Lakini wa nyumbani tunawageuzia mgongo, tukidhani watasimama palepale tulipowaacha. Nani aliwahi kusimama palepale? Mwakani ni ya Mungu, ndugu zangu. Hajamgawia mtu.

Tukimaliza ibada leo, usikawie mlangoni kunipa mkono mimi. Nenda. Kuna mtu bado analijua jina lako.