Daftari la Zaituni

Weka hiyo simu chini, kaa, unisikilize. Hili jambo limeninyima usingizi.

Mtu mmoja alikuwa na mtaa mzima mkononi mwake. Anaitwa Shemboza, mwenyekiti wa chama cha kuzikana. Mtaa wenyewe vijana wanahama, wazee wanazidi kila mwaka. Ila ukifa pale umepata: turubai, viti, sanda ya maana, pilau mpaka mpita njia anakula. Kila nyumba inachangia na hakuna anayegoma, maana nani haogopi kuzikwa kama mbwa?

Kulikuwa na mama mmoja, Zaituni, kazi yake kuhudumia wazee waliolala kitandani, wasioweza hata kujigeuza. Anawaosha, anawalisha, anawageuza. Na ana daftari lake. Anaandika nani kalazwa ubavu gani, kageuzwa saa ngapi, mgongo wa nani umefanya kidonda na wa nani umebaki mzima. Siku ya kikao akasimama. Akasema wazee wengine wanaoza wakiwa hai, wengine hawaozi, naye hajui kwa nini, ila daftari limeanza kumwonyesha. Akaomba sehemu ndogo tu ya mchango, mwaka mmoja, ajaribu magodoro na namna za kuwageuza, mpaka ajue.

"Mama Zai, hata kulala nako kunasomewa?" Shemboza akamjibu. "Sisi tunazika, bwana."

Kikao kizima kikacheka. Wakapitisha turubai jipya.

Zaituni akaendelea peke yake mpaka homa ikamwondoa. Walimzika vizuri, usiseme. Tatizo siku ile kuni zilikuwa mbichi, moto wa pilau ukagoma. Shemboza akaingia chumbani kwa marehemu, akatoka na daftari, akalichana karatasi moja moja, akazitia motoni mpaka moto ukashika. Watu wakala, wakashiba.

Haikupita miaka mitatu, Shemboza akaanguka chooni. Kiharusi. Mdomo umekufa, mikono na miguu imekufa, lakini masikio mazima, akili nzima. Wanawe wanampenda kweli. Wanamlaza chali, wanamfunika blanketi zito, hawamsogezi wasije wakamuumiza. Wiki ya tatu chumba kikaanza kunuka. Yeye anaisikia ile harufu na anajua inatoka mgongoni kwake. Anajua pia kuna mtu alishaanza kuandika cha kufanya, na anaijua ile mikono iliyochana.

Asubuhi moja akasikia huko nje turubai linaanikwa, masufuria yanagongana, watu wanasaidiana kusugua. Hakuna msiba mtaani. Mwanawe mkubwa akaingia, akakaa pembeni ya kitanda, akamshika mkono kwa upendo kabisa.

"Baba, usiwe na wasiwasi. Mambo yako yote yako tayari."

Machozi yakamtoka Shemboza. Kijana akayafuta, akadhani ni shukrani, akatoka akawaambia wenzake mzee kafurahi.

Sasa wewe, ambaye leo unajigeuza mwenyewe kitandani bila hata kufikiria: kikao kijacho mama mwingine akisimama na daftari lake, utacheka na wenzako, au utafanyaje?