Ufunguo wa Pili wa Odessa Tolliver

Hapo zamani, wala si zamani za fisi na sungura, ni zamani za juzijuzi tu, za redio kubwa kama kabati na magari marefu yenye mikia, palikuwa na mtaa katika mji mmoja wa kaskazini mwa Amerika. Kaeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Mtaa ule uliitwa Fernald. Nyumba zake zilifanana na watu wake walifanana. Wanaume walitoka asubuhi kwa pamoja, wakarudi jioni kwa pamoja. Wanawake walianika nguo Jumatatu, na aliyeanika Jumanne alijadiliwa hadi Jumamosi. Mume alitafuta, mke alitunza, na nyumba ikionekana na kasoro, aliyeulizwa ni mke. Tena palikuwa na desturi moja waliyoishika kuliko dini. Kila mama wa nyumba alimpa jirani mmoja ufunguo wa pili wa mlango wake. Jirani aliutundika msumarini jikoni kwake, ili mtoto akifungiwa nje au sufuria ikisahauliwa motoni, pawe na mtu wa kuingia. Alipewa mmoja tu. Kuwapa wawili kulikuwa sawa na kumwambia kila mmoja kwamba humwamini.

Basi akahamia pale Odessa Tolliver, pamoja na mumewe Lucius, fundi wa reli, na binti yao mdogo, Alma. Wao walikuwa Weusi. Mtaa mzima ulikuwa wa Wazungu.

Watu wa Fernald hawakurusha mawe. Walikuwa watu wa heshima zao. Walikutana katika ukumbi wa kanisa, wakanywa kahawa, wakanyoosha mikono na kukubaliana: tusiwatukane, tusiwadhuru, tusiwajue. Asiwepo mtu wa kuwapelekea chakula cha kuwakaribisha, asiwepo wa kupokea ufunguo wao. Watachoka wenyewe.

Lucius alichoka mapema. Odessa alikataa kuchoka. Alikuwa amepika miaka mingi katika majiko ya watu, na hili lilikuwa jiko lake la kwanza, lenye dirisha lake na mlango wake. Aliipenda nyumba ile hadi akaona haya kuipenda hivyo. Akaanika nguo Jumatatu. Akasalimu watu, na watu wakatazama mawinguni kana kwamba mvua imewaita kwa majina. Hawakumtukana, hawakumdhuru, hawakumjua.

Sasa wasikilizeni wanawake watatu, na msiwachanganye.

Wa kwanza ni Lorraine Pruitt. Mumewe, Harold, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa ule mkutano. Wiki ileile akina Tolliver waliyohamia, Lorraine alipita uani, akagonga mlango wa nyuma, akaacha mkate wa moto na bakuli la maharage. Wanawake wa Fernald walibandika majina yao chini ya vyombo ili virudishwe, lakini bakuli hili halikuwa na jina. Akaja tena, na tena. Alma alipougua surua, supu ilitoka kwa Lorraine. Harold alikuwa ameapa kwamba mke atakayemvunjia neno lake atarudi kwa mama yake, naye Harold hakuwa mtu wa kutania. Lakini Odessa alipokutana na Lorraine dukani, Lorraine akiwa na wenzake, akamwambia habari za asubuhi, Lorraine aliyatazama makopo ya nyanya nyuma ya bega la Odessa na hakujibu. Odessa alirudi nyumbani akalia, kisha akaliosha bakuli la Lorraine.

Wa pili ni Constance Ambler. Huyu ndiye aliyesimama mkutanoni, mwanamke pekee kusimama, akasema mbele ya mchungaji na mbele ya mumewe mwenyewe, "Jambo hili ni aibu, na mimi simo." Walimtoa katika kwaya. Watoto wake hawakualikwa tena kwenye sherehe za wenzao. Mumewe alihamishia mto wake chumba cha wageni. Constance alivumilia yote bila kurudi nyuma, ila hakuwahi kukanyaga kwa Odessa. Alimpungia mkono kutoka upande wa pili wa barabara, mkono juu kabisa, ili mtaa wote uone.

Wa tatu ni Gertrude Halvorsen, mjane, ambaye ua wake ulipakana na wa Odessa. Alinyoosha mkono kuunga mkono azimio lile, tena wa kwanza kuunyoosha. Siku moja mbwa wa nyumba ya pembeni alikata mnyororo akamkimbiza Alma. Wanawake walipiga kelele madirishani. Gertrude alitoka na ufagio, akajitupa kati ya mbwa na mtoto, akaumwa mkono hadi nyama ikaonekana. Alimbeba Alma mpaka kwao, akamweka ngazini. Odessa alipotoka, akitafuta maneno ya kushukuru, Gertrude alimwambia, "Bi. Tolliver, mtoto asipite njia ile tena," akaenda zake huku damu inatiririka. Kesho yake Odessa alimpelekea pai ya viazi vitamu. Gertrude hakufungua mlango.

Ndivyo walivyoishi hadi Januari, baridi ilipokaza. Ndipo ikaja telegramu kwamba baba yake Odessa amefariki huko kusini.

Ilibidi waende kumzika. Odessa kwenda peke yake na mtoto, mwanamke Mweusi katika barabara zile za kusini, Lucius hakutaka hata kulisikia. Lakini nyumba ile ilipashwa joto na tanuri la makaa lililokuwa chumba cha chini, na tanuri lilitaka kulishwa asubuhi na jioni. Likikosa kulishwa siku moja tu katika baridi ile, maji huganda mabombani, mabomba hupasuka, na nyumba huharibika kuanzia dari hadi sakafu.

"Mabomba yakipasuka sirudi," Lucius alisema akifunga mizigo. "Sitaijenga nyumba upya kwa ajili ya watu hawa. Tutabaki kwa mama yako."

"Kwa hiyo nimpe nani ufunguo?"

"Huku ufunguo ni wa mke. Amua wewe."

Odessa alielewa vizuri anachoamua. Atakayeshika ufunguo ataishika nyumba. Anaweza kuitunza, na anaweza kuuacha moto ufe, kisha aseme alisahau, na mtaa mzima umpe pole kwa kusahau.

Habari za msiba zilienea kabla chai haijapoa. Lorraine alikuja kwa mlango wa nyuma.

"Odessa, nipe mimi. Nimekulisha wakati hakuna aliyekulisha. Nitapita uani kila siku Harold akishaondoka, na hakuna atakayejua."

"Na siku Harold atakayoshinda nyumbani?"

Lorraine alikunja ncha ya kitambaa chake. "Siku hiyo sitaweza kuja," alisema, kwa sababu hakuwa mwongo.

Constance alikuja kwa mlango wa mbele, mara ya kwanza kabisa, lakini hakutaka kuketi.

"Dada Odessa, nipe mimi. Nimepoteza kwaya, nimepoteza amani ya nyumba yangu, na sijutii. Nitautundika sebuleni, kila aingiaye auone. Siku ufunguo wako utakapokuwa msumarini, azimio lao limekufa."

"Umewahi kuwasha tanuri la makaa?"

"Letu ni la gesi. Nitajifunza." Akatazama chini kidogo. "Mnakwenda na mtoto, yule... binti yenu?"

"Alma," Odessa alisema. Alimheshimu sana Constance wakati ule. Papo hapo aliwaza kwamba mwanamume atakayekasirishwa na ufunguo ule hatavunja dirisha la Constance. Atavunja la Odessa.

Gertrude hakuja. Odessa alimkuta uani, anaondoa theluji kwa koleo, mkono ule wenye kovu ukiwa mzito kuliko mwenzake.

"Bi. Tolliver, pole kwa msiba," alisema bila kuacha kazi. "Nyumba yako ikipasuka mabomba, maji yatateremka kwangu. Nipe ufunguo. Tanuri litalishwa asubuhi na jioni."

"Utautundika?"

"Hapana. Utakaa mfukoni mwangu. Wewe si jirani yangu, na mawazo yangu hayajabadilika. Wakiitisha mkutano kesho nitanyoosha mkono tena. Nataka mwondoke. Lakini nataka mwondoke kwa miguu yenu, si kwa kufukuzwa na barafu."

Maneno yale yalimchoma Odessa kuliko yote aliyosikia Fernald. Akayaamini kuliko yote.

Mchana gari liliwashwa. Alma alifungwa blanketi nyuma, Lucius akashika usukani. Odessa alisimama kwenye theluji na ufunguo ndani ya glavu. Mapazia ya wale wanawake watatu yalikuwa yamesogezwa. Ya kwanza yalifungwa mara Harold, aliyeshinda nyumbani siku ile, alipopita uani, ya pili yalikuwa wazi kabisa, ya tatu hayakujificha wala kumwita.

Akapiga moyo konde, akaenda, akagonga mlango mmoja, akauacha ufunguo, akarudi garini. Ni mlango upi, mimi najua, na sisemi.

Semeni ninyi. Lorraine alimlisha akamkana. Constance alimtetea na hakumjua. Gertrude hakumtaka, na damu yake ilibaki ngazini kwa Odessa. Je, nani alistahili ufunguo? Na huyo mnayesema alistahili, kama nyumba ingekuwa yenu na baridi ndiyo ile, ndiye mngempa?