Komeo la Busongela

Mlinzi wa kuazima hulala na komeo. Ndivyo nilivyosema, wajukuu zangu, na nimeona mlivyotazamana. Redio imetangaza kwamba waziri amepanda ndege kwenda kuomba majeshi ya nchi za nje yaje kutulinda dhidi ya vijana wetu wenyewe walioingia msituni. Mimi nikasema nililosema, mkacheka, kisha mkaniuliza neno hilo limetoka wapi. Haya, wekeni simu chini. Methali hii ilianza hivi, katika nchi ya Busongela, enzi za watemi, kabla bibi yangu hajazaliwa.

Mji wa Busongela ulizungukwa na ua wa minyaa iliyopandwa na waasisi wake, ikashikana hata kuku hapiti. Mashamba yote yalikuwa nje. Lango lilikuwa moja tu, nalo lilifungwa kwa ndani kwa komeo, gogo la mninga ambalo mtu mmoja halibebi. Komeo hilo halikuwa mali ya mtemi. Lilikwenda kwa zamu. Kila baada ya mavuno lilihamia ukoo mwingine, na vijana wa ukoo huo ndio waliolipachika langoni jioni, wakakesha kando yake, wakaliondoa alfajiri. Kwa hiyo kila ukoo ulipata siku zake za kuwafungulia wenzao nchi, na hakuna aliyeogopa kufungiwa nje na jirani yake.

Ikafika zamu ya ukoo wa Mbugani. Wakati huo watu hao walikuwa wamegombana na Mtemi Ngelela juu ya malisho, naye hakuwa mtu wa kusahau. Akasema, "Hao wasubiri mavuno yajayo." Mavuno yakaja, akasema vilevile. Yakaja mengine, akawaambia wachunge ng'ombe wao waache mambo ya lango.  Watu wa Mbugani walifunga virago, wakatoka mjini na wazee wao na watoto wao, wakaenda kukaa mbugani wakiongozwa na kijana mmoja mwenye hasira aitwaye Machibya.

Hapo usalama ukaisha. Mara zizi la nje limevunjwa, mara ghala la shambani limechomwa moto. Watu wakawa wanalala na mikuki. Wote walijua chanzo chake, lakini nani wa kumwambia mtemi? Ukubwa ni jalala, wanasema, ila jalala la Ngelela lilikuwa na kifuniko.

Mtemi akamwita Lushinge, mjumbe wake, mtu aliyejua kusema hadi mawe yakatikisa kichwa. Akamwambia, "Nenda kwa watemi wa nchi za jirani. Waambie Busongela imevamiwa na wahalifu. Tuletee msaada."

Lushinge alirudi nyumbani kufunga mzigo. Mkewe, Nkwimba, alikuwa dada yake Machibya.

"Mume wangu," Nkwimba akamwambia, "kwa hiyo unakwenda mbali kote huko kumtafuta mtu wa kumpiga shemeji yako?"

"Nakwenda kutafuta amani."

"Mbugani ni hapo nyuma ya ua. Mbona hukuitafuta huko?"

Lushinge akajifanya anatafuta fimbo yake.

Alizunguka nchi za watu. Mtemi wa kwanza alimpa pole nyingi na kibuyu cha asali. Wa pili alimpa ngoma ya kutishia maadui. Lakini Mtemi Kishosha, mwenye nchi kubwa na bunduki, alimsikiliza mpaka mwisho, akamchinjia beberu, akampa kundi la askari chini ya mkuu wao Nzogolo. Hakudai chochote. Lushinge alirudi kifua mbele, akaona amezaliwa upya.

Wageni walipokewa kwa vigelegele. Kwa muda mambo yalitulia kweli, maana Machibya alisikia mlio wa bunduki akasogea nyuma. Watu wakamsifu Lushinge njiani. Nkwimba peke yake hakumsifu. Alimpakulia ugali akarudi jikoni.

Ndipo Nzogolo akasema, "Nitalindaje lango ambalo komeo lake linakaa kwa mtu mwingine?" Mtemi akaona ni haki, akampa. Askari wakahamia kibanda cha langoni, komeo likiwa mikononi mwao. Vijana wa koo walikuwa wakikesha nalo, lakini hawa walinywa pombe wakalala nalo. Jua likatoka, lango limefungwa. Wanawake wakapanga mitungi chini wakingoja maji, watoto wakilia kiu. Mkuu akiamka, atafungua. Baadaye ikawa anayetaka kutoka mapema aache kuku. Kisha ikawa anayetaka kutoka kabisa aseme anakwenda wapi na kwa nini. Kwenye mji wake!

Watu wakavumilia, maana mgeni hafukuzwi. Lakini mvua ya kwanza ikanyesha, na mvua ya kwanza haijui uvumilivu. Usipopanda ndani ya siku zake, mwaka huo unakula mizizi. Watu wakajaa langoni na majembe na mbegu. Lango halikufunguliwa siku hiyo, wala iliyofuata. Nzogolo alisema watu wakitawanyika mashambani hataweza kuwalinda, na kwamba Mtemi Kishosha ameagiza kwanza watu wa Mbugani wamalizwe wote, ndipo jembe lishike ardhi.

Mtemi Ngelela akaja mwenyewe, mvua ikimlowesha. Akasimama mbele ya lango la baba yake.

"Fungua," akasema.

Askari mmoja akachungulia kibandani. "Mkuu amelala."

"Mimi ni Ngelela."

"Nimekusikia, mzee. Akiamka nitamwambia."

Lushinge alikuwa pale. Alimwona mtemi wake akisimama kama mwombaji, na watu wakiangalia chini kwa aibu.  Aliona kwamba ulimi wake ndio uliowaleta hawa, na kwamba mbegu zile zikioza mikononi mwa watu, njaa hiyo itaitwa kwa jina lake. Akapiga kibanda kwa fimbo mpaka Nzogolo akatoka akipiga miayo.

"Nzogolo, nilikuazima kwa mdomo huu. Kwa mdomo huu nakurudisha. Nenda kwenu, ukamsalimie mtemi wako."

Nzogolo akacheka. "Ndugu yangu, mimi si jembe. Ukitaka nitoke, nifungulie lango basi." Akakaa juu ya komeo, akakunja miguu.

"Kaa," akasema Lushinge. "Komeo chukua, lango chukua. Lakini ua ni wetu."

Akageuka, akanyang'anya shoka begani mwa mtu, akaenda moja kwa moja hadi upande wa Mbugani, akaanza kuukata ua wa waasisi. Watu wakapiga kelele. Ua ule haukuwa umeguswa tangu mji uanze! Tena utomvu wa mnyaa hupofusha macho. Lushinge akajifunga nguo usoni akakata kwa kubahatisha. Nkwimba akaja, akajipaka mafuta mikononi, akaanza kuburuta matawi. Kisha akapaza sauti juu ya ua, kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

"Machibya! Machibya wee! Zamu yenu imefika!"

 Halafu sauti ikatoka ng'ambo, karibu kuliko walivyodhani, kwa kuwa watu wa Mbugani nao walikuwa wamesogea kutazama mashamba ya zamani yakinyeshewa bila mpandaji.

"Nani anasema?"

Watu wote wakamtazama mtemi. Maji yalikuwa yakimchuruzika kidevuni. Akavua vazi lake la ngozi ya simba, akalitupa matopeni.

"Ngelela anasema! Zamu yenu imefika. Ilifika zamani, mimi nikaizuia. Nileteeni shoka!"

Ng'ambo likasikika shoka la kwanza. Kisha mengi. Wa ndani wakikata, wa nje wakikata, macho yakiwauma, wanacheka na kulia kwa pamoja.

Nzogolo akaja mbio na askari wake, akainua bunduki. Baruti ilikuwa imelowa. Lushinge akavuta nguo usoni, macho mekundu, akamwambia, "Hata kama ingewaka, ungepiga wangapi? Na leo jioni angekupikia nani?"

Nyuma ya Lushinge pengo likafunguka. Machibya akapita, shoka mkononi. Akamtazama shemeji yake, akatazama mtemi, kisha akaenda kusimama nao bega kwa bega. Nzogolo akahesabu vichwa, akaona hesabu haimpendi. Wakaondoka siku hiyohiyo kupitia lango la zamani, wamebeba lile komeo mabegani kama maiti. Watu hawakuwazuia. Walikuwa wanapanda.

Lango jipya likajengwa pale kwenye pengo, likitazama Mbugani. Komeo jipya likachongwa, na msimu wake wa kwanza lilikaa kwa Machibya. Mazizi hayakuvunjwa tena. Nani avunje, mlinzi ni yeye?

Mazao yalipoiva, Mtemi Kishosha alituma mjumbe. Alisema amesikitika kwa yaliyotokea, na kama Busongela ina shida tena, safari hii atatoa askari wengi zaidi, bure. Ngelela akamwashiria Lushinge ajibu. Lushinge, ambaye jicho lake moja halikupona vizuri tena, akamkaribisha mgeni, akamlisha akashiba, akamsindikiza hadi lango jipya. Pale akamwonyesha vijana wa zamu.

"Mwambie Mtemi Kishosha tunamshukuru. Ila sisi tumejifunza: mlinzi wa kuazima hulala na komeo. Letu linakesha."

Ndiyo hiyo, wajukuu zangu. Mlinzi wa kuazima hulala na komeo. Sasa ongezeni sauti ya redio, tusikie huyo waziri amekubali kumpa mgeni nini.