Jalada Moja, Jina Moja

Kaeni vizuri mnisikilize, maana mwishoni nitawauliza, na sitaki mtu anitazame kama hakuwepo.

Zamani huko Ufaransa, enzi ambazo mwanamke akiandika riwaya alichekwa, waliishi watu wanne nyumba moja. Odile alijaliwa maneno. Kaka yake, Anselme, aliyeishi hapo na mkewe, alijaliwa msimamo: akishasema neno, harudi nyuma. Perrine, dobi wao, hakujua kusoma, lakini alijaliwa kumbukumbu. Jambo likimwingia kichwani halitoki.

Perrine alikuwa na binti, Lise, kibarua wa kiwanda cha nguo. Mashine ikamuua. Mwenye kiwanda akaamuru azikwe kimyakimya, kwenye shimo la wasiojulikana. Perrine alimsimulia Odile kila kitu, huku akifua na kulia, na kila aliposimulia alimzika mwanawe upya.

Odile akaandika. Macho yake yalikuwa mabovu, na daktari alimwonya, "Bibi, ukiendelea utapofuka." Akaendelea. Sura ya mwisho aliiandika haoni mistari, na tangu hapo hakuona kitu tena.

Mchapaji hakutaka jina la mwanamke. Anselme akasema, "Weka langu." Kitabu kikasomwa nchi nzima, wenye viwanda wakawaka, Anselme akashtakiwa. Hakimu akamuuliza, "Ni wewe uliyeandika haya?" Angekana tu, angerudi nyumbani kula chakula chake. Akajibu, "Ni mimi." Akafia gerezani.

Miaka ikapita, mambo yakabadilika. Mchapaji akarudi, anataka kukichapa upya. Sasa atakubali jina lolote, ila jalada ni moja na jina ni moja.

Mjane wa Anselme akasema, "Mkilifuta la mume wangu, mtakuwa mmemwita mwongo, naye hayupo kujitetea."

Odile akasema, "Sina macho, sina kaka. Nimebaki na maneno yale tu, na nimechoka kujificha."

Perrine akasema, "Mwanangu hana hata msalaba. Andikeni Lise. Sijui kusoma, lakini mkinionyesha lilipo, nitapata mahali pa kuweka mkono."

Mchapaji anasubiri. Hakuna anayegombana pale, wanalia tu, na mimi hadithi hii hunikasirisha kila ninapoisimulia. Msiniambie yaandikwe yote. Nimeshasema ni moja.

Haya, wewe uliyekaa hapo: ungeliandika la nani, na wale wengine ungewaambia nini?