Jiwe la Kusagia la Vasta

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, yaani kinachomegwa kidogo kidogo mwishowe humalizika. Habari za mawe hawakuzitaja. Labda waliona mawe yatajisemea yenyewe.

Katika kijiji kimoja karibu na Bwera, mwaka 2014, aliishi mama aitwaye Vasta, mwenye ulimi mkali kama wembe na jiwe la kusagia alilorithi kwa mama mkwe wake. Alilitunza kama mboni ya jicho. Kila Jumamosi aliligota kwa jiwe dogo gumu, ko, ko, ko, ili uso wake uparuze tena na nafaka ya wimbi isagike vizuri. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na tisa, wala hakumwachia mtu.

Asubuhi moja Gorret, mke wa mwanawe, alikuwa akisaga, mara jiwe likapasuka vipande viwili. Katika ukoo ule, mke aliyevunja jiwe la kusagia alirudishwa kwao mpaka watu wake walete jingine pamoja na mbuzi. Gorret alikuwa ameolewa miezi miwili tu, na kwao Kisinga hakukuwa na mbuzi hata wa kuazima.

"Hiyo ndiyo mikono iliyozoea mashine ya kusagia!" Vasta alifoka. "Funga mzigo, binti." Akamwita Abdunoor, mwendesha boda boda.

"Nitakwenda, mama," Gorret alijibu. "Naomba bakuli na maji tu."

"Mama, safari iko ao hakuna?" Abdunoor aliuliza.

Gorret alikoroga unga wa asubuhi ile majini, akaumwaga taratibu, akarudia. Chini ya bakuli zilibaki chembe za mchanga.

"Mwalimu wetu alisema jiwe kama hili lilikuwa mchanga," Gorret alieleza. " Ulitulia chini ya maji, punje juu ya punje, ukashindiliwa, ukapikwa na joto la ardhi mamilioni ya miaka hata ukawa jiwe. Milima ikaliinua, mto ukalimega na kulileta kwetu. Sasa linarudi kuwa mchanga. Wewe umeliharakisha tu kwa kuligota kila Jumamosi."

"Kwa hiyo mimi ni mto?" Vasta aliuliza, mkono kiunoni.

Gorret akainua kipande kimoja. Pale katikati, palipobonyea, jiwe lilikuwa jembamba kama kigae cha chungu.

Yowasi, mume wa Vasta, mzee asiyependa maneno, alikohoa. "Mke wangu, ushahidi mwingine ninao mimi." Akafumbua kinywa. Meno yake yalikuwa yamelika kama visiki shambani. "Nusu ya jiwe hilo umenilisha. Ukimrudisha huyu kwao, nirudishe na mimi kwetu, maana ndimi niliyelimaliza."

Vasta alikumbuka vumbi alilolifagia kila Jumamosi bila kujiuliza limetoka wapi. Akamgeukia mwendesha boda boda.

"Abdunoor! Safari iko. Tupeleke mtoni, mimi na binti yangu, tukachague jiwe."

"Na huu mzigo?" Abdunoor aliuliza, godoro la Gorret likiwa limeshafungwa kwenye pikipiki.

"Rudisha ndani! Umeona wapi mtu akienda mtoni na godoro?"

Jiwe jipya lilipotimiza wiki, Vasta alimpa Gorret kigoteo, lile jiwe dogo gumu, akaketi kando yake. Kila mkono ulipopanda, alionya: "Polepole, binti. Wajukuu nao wabakizie la kula."

Hakika, bandu bandu huisha gogo.