Mbuzi Mmoja, Waokozi Watatu

Tulieni, na simu zenu zilazeni kifudifudi, maana hadithi hii ina simu za kutosha ndani yake.

Palikuwa na mtaa uitwao Kwemashine, chini ya milima ya Usambara, na katika mtaa huo waliishi watu watatu wenye vipawa.

Mhina alikuwa na sikio. Alikuwa na kibanda cha kuchaji na kutengeneza simu, na spika kubwa mlangoni. Ukimpa sauti ya mtu, hata iwe kavu kama hotuba ya mgeni rasmi, ataikata hapa, ataiunga pale, na mtaa mzima utashika mbavu.

Somoe alikuwa na kidole. Alikuwa mshonaji, mguu kwenye cherehani, kidole kwenye simu. Hakuna kundi ambalo hakuwamo: la wazazi wa shule, la kikoba, la waliomaliza naye darasa la saba, hata la kwaya ya kanisani, ingawa yeye mwenyewe huswali msikitini. Habari ikimfikia Somoe ya moto, inafika Tanga mjini haijapoa.

Semboja alikuwa na neno. Alistaafu utendaji wa kata, na sasa alikuwa admini wa kundi la mtaa. Neno lake lilikuwa moja: "Imethibitishwa." Maji yatakatika kesho, imethibitishwa. Fulani amefariki, imethibitishwa. Hakuna aliyewahi kuuliza imethibitishwa na nani.

Na palikuwa na Tausi, ambaye hakuwa na kipawa chochote cha simu. Kioo cha simu yake kilikuwa na ufa, na kazi yake ilikuwa kutafuta vipofu. Alipita nyumba hadi nyumba akiwaulizia wazee wenye mtoto wa jicho, ule ukungu mweupe unaoota ndani ya jicho na kumfungia mtu dunia. Madaktari wa macho wakipiga kambi hospitalini, Tausi aliazima gari jeupe la shemeji yake akawapeleka. Hakulipwa. Alilipwa na ule uso wa mzee anapofunguliwa bandeji na kusema, "Kumbe umenenepa hivi?"

Siku moja alipeleka watatu. Walipotoka chumba cha upasuaji salama, alisimama barazani pa hospitali, akaisogeza simu mdomoni, akatuma sauti katika kundi la mtaa:

"Habari zenu ndugu wa wagonjwa. Ni Tausi, niko hospitali na wazee wetu wa mtoto wa jicho. Namshukuru Mungu, watoto wote watatu wametolewa. Mmoja alikuwa ameiva sana, kidogo tu angeharibu kila kitu. Kesho niandalieni wengine, gari lipo."

Ndivyo wanavyosema wenyewe kule wodini. Mtoto ameiva. Mtoto ametolewa.

Wengi kundini hawakuifungua, maana sauti za Tausi kila siku zilikuwa za wazee na dawa. Mhina aliisikia akiwa kibandani, na sikio lake likasimama. Akakata mwanzo. Akakata jina, akakata hospitali, akakata jicho. Kikabaki hiki: "Watoto wote watatu wametolewa. Mmoja alikuwa ameiva sana. Kesho niandalieni wengine, gari lipo." Alicheka mpaka machozi. Akairusha kwa vijana wenzake wa kijiweni, na vikatuni vya kucheka juu yake. Hakuwa na chuki na Tausi. Hakuwa na chochote naye. Hilo ndilo linalokera.

Somoe ilimfikia baadaye, kutoka kundi jingine, na vile vikatuni vya kucheka vilikuwa vimepukutika njiani. Ilimfikia ikiwa tupu. Binti yake alikuwa amechelewa kurudi kutoka shule, na Somoe aliposikia "watoto" na "gari", hakurudia kusikiliza. Akaandika: "WAZAZI TAHADHARI! Kuna mwanamke mwenye gari anatoa watoto viungo. Sambaza uokoe mtoto." Kidole kikatembea kundi hadi kundi. Binti yake alikuwa kwa jirani anakula mihogo. Alipoingia na midomo inayong'aa mafuta, ujumbe ulikwisha kwenda, na Somoe, kwa furaha ya kumwona mwanawe, akasahau kuurudisha.

Semboja alikuwa mezani anakula. Simu ikaanza kutetemeka: "Admini, ni kweli?" "Admini mbona kimya?" Aliitambua sauti ya Tausi. Na shangazi yake mwenyewe, Bi Mkunde, alikuwa mmoja wa wale wazee watatu waliopanda gari lile asubuhi. Aliagana naye pale pale kizingitini. Ingemgharimu nini kufikiri? Lakini watu walikuwa wanasubiri, na admini asiyejua jambo ni admini wa nini? Akafuta mchuzi kidoleni, akaandika: "Imethibitishwa. Sauti ni ya Tausi." Akamalizia ugali wake.

Alasiri Tausi aliwashusha wazee makwao, akarudisha gari kwa shemeji, akatembea kwenda kwake na mfuko wa chupa za dawa ya matone. Mbele ya mashine ya kusaga akakuta watu wamejaa. Alidhani kuna msiba.

"Watoto wako wapi?" akafoka mwanamke mmoja aliyekuwa akimsuka nywele kila mwezi.

Tausi akacheka. Akacheka, jamani, maana kwake watoto walikuwa watoto wa macho.

"Watoto? Si wameshatupwa! Mlitaka niwaletee mwaone?"

Jiwe la kwanza lilimpiga begani. Chupa za matone zikapasuka chini. La pili, au la ngapi, lilimvunja mkono. Hakuelewa. Alipiga kelele, "Nimefanya nini? Nimefanya nini?" na kila aliyemtazama alikuwa ni mtu anayemjua: huyu alimpelekea mama yake hospitali, huyu alimpelekea babu yake. Msaga unga akamvuta ndani, akafunga mlango wa chuma. Tausi akaanguka kwenye vumbi la mahindi, na kupitia ufa wa mlango akasikia mtu akiuliza bei ya petroli. Aliuliza bei! Kama anayenunua mafuta ya taa ya nyumbani.

Sasa sikilizeni, maana hapa vile vipawa vitatu vilirudi.

Mhina aliona petroli ikipita mbele ya kibanda chake, na kicheko chote kikamwisha. Sauti nzima alikuwa nayo bado simuni, haijakatwa. Akachomeka spika, akaifungulia mpaka mwisho. "Habari zenu ndugu wa wagonjwa. Ni Tausi, niko hospitali na wazee wetu wa mtoto wa jicho..." Akairudia, akairudia tena, mpaka sauti ya Tausi ikafunika sauti za wanaotaka kumchoma.

Lakini barabarani zilikuwa zinakuja bodaboda kutoka mitaa mingine, zimepakia watu wenye fimbo, na spika haikufika huko. Somoe aliisikia mlangoni pake, akasimamisha cherehani. Akairekodi. Akaandika: "NILIKOSEA. Ni mtoto wa JICHO. Rudini." Akaituma kila alikotuma mwanzo, hata kwa kwaya, na alipoona wengine hawafungui, akawapigia mmoja mmoja huku akilia. Njia nzima bodaboda zikasimama, zikageuza.

Bado waliokuwa pale mlangoni pa mashine. Hao walikuwa na dumu mkononi, na walisema sauti ya spika imetengenezwa: "Mhina huyo! Nani asiyemjua Mhina kwa kukata sauti?" Ndipo Semboja akafika mbio, kandambili moja imebaki njiani. Akaugeuzia mlango mgongo, akatanua mikono. "Nilisema imethibitishwa. Nimeongopa. Sikuuliza mtu. Anayetaka kummwagia Tausi animwagie na mimi." Waliomwamini alipoongopa, wakamwamini alipokiri. Dumu likawekwa chini.

Tausi akatoka hai.

Ningewaambia hadithi imekwisha, nanyi mngepumua. Lakini diwani alisikia. Siku chache baadaye akaja na mbuzi, beberu mweupe aliyefungwa utepe shingoni, na mpiga picha. Akawakusanya watu mbele ya mashine ile ile. Tausi akakalishwa kiti cha plastiki, mkono umefungwa plasta, shuka juu ya magoti kama mwali.

"Kwemashine mmeonyesha mfano!" akasema diwani. "Mtandao umeokoa maisha! Mbuzi huyu ni wa shujaa aliyemwokoa dada yetu. Shujaa ni nani?"

Na hapo, mbele ya plasta yake, wakaanza kugombea.

"Mheshimiwa, bila spika yangu dada angekuwa majivu," akasema Mhina.

"Spika yako ilisikika mpaka wapi, we Mhina? Mpaka kwa muuza mkaa!" Somoe akamrukia. "Bodaboda nani alizirudisha? Bando langu liliisha lote siku ile!"

"Na mlangoni alisimama nani?" Semboja akauliza polepole, kama anayesoma taarifa. "Spika haimwagiwi petroli. Bando halimwagiwi petroli."

"Mheshimiwa, tugawe basi," akasihi Mhina.

"Mbuzi mmoja, shujaa mmoja," akasema diwani. "Picha ya watu wanne na mbuzi haipendezi. Tausi mwenyewe achague." Akamwekea kamba katika mkono mzima.

Bi Mkunde alikuwa ameketi mbele, jicho moja limefunguka, jingine bado jeupe. Akawatazama wale watatu mmoja baada ya mwingine. "Ndo leo nawaona vizuri sura zenu," akasema. "Kumbe nilikuwa nimestarehe." Watu wakacheka, halafu wakaacha.

Tausi hakucheka. Walikuwa wanagombea kumwokoa. Kumwokoa na nini? Nani alimtia ndani ya kinu? Katika maneno yote yale ya ushujaa hakuna aliyetaja jiwe.

"Na mkono huu," akauliza, "alinivunja nani?"

Wale watatu wakamtazama beberu.

"Dada Tausi, hayo yamepita," akasema diwani. "Tusirudi nyuma."

Semboja akainama sikioni mwake, ananukia sabuni. "Mwanangu, wazee wako wote wameghairi, unajua. Watoto wao wanaogopa kuwapandisha gari lako, na madaktari wanarudi wiki ijayo. Nikiandika neno moja tu kundini kwamba wewe ni msafi, watakuja. Lakini nami nahitaji heshima yangu irudi. Unanielewa?"

Alimwelewa. Akaelewa zaidi ya hapo. Neno la kumsafisha lilikuwa la Semboja. Kidole cha kulifikisha kila nyumba kilikuwa cha Somoe. Na Mhina alikuwa amekwisha inua simu, anarekodi, na chochote atakachosema Tausi sasa hivi kitakuwa mikononi mwa mtu anayejua kukata. Akisema "Siwapi, nyote wauaji," kitasambaa hicho tu: mwanamke asiye na shukrani. Milango itafungwa, na lile jicho jeupe la Bi Mkunde litabaki jeupe. Akimpa mmoja, huyo ataondoka na mbuzi na jina la shujaa, na kesho kutwa mwingine kama Tausi atakutana na jiwe, kwa sababu mtaa huu utakuwa umejifunza kwamba kuwasha moto hakuna adhabu, na kuuzima kuna zawadi.

Beberu akavuta kamba kidogo.

"Chagua basi, dada!" mtu akapiga kelele nyuma. "Tuko mubashara, bando linakwisha!"

Tausi akasimama. Shuka likaanguka. Simu zote zikainuka kwa pamoja, na kila kioo kikamwonyesha mwanamke mdogo mwenye kamba mkononi.

Mimi namwacha hapo, kwa kuwa uamuzi sasa ni wenu mliosikiliza. Mhina, ambaye bila yeye ukweli usingesikika? Somoe, ambaye bila yeye wenye fimbo wangefika? Semboja, ambaye bila yeye kiberiti kingewashwa? Au bila wao, wote watatu, pasingekuwa na cha kuokoa? Je, Tausi awape kwa ajili ya macho ya wazee, au awanyime kwa ajili ya mkono wake?

Jibuni, lakini kwanza kila mmoja atuambie: ile sauti iliyokatwa ilipofika kwenye simu yako, wewe uliifanyaje?